Mosi si kuvu, wala si mwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nisahihishe jambo ambalo huenda wasomaji wengi wamelipita bila kulitilia maanani. Katika makala yenu kuhusu soko la mwani wa Zanzibar, mwandishi alieleza kwamba zao hilo siku hizi linauzwa mitandaoni kwa jina la "mosi ya bahari". Kisha, ili msomaji aelewe mosi ni kitu gani, ikawekwa picha ya mti wa mlimani ambao matawi yake yananing'inia nyuzi ndefu za kijivu mfano wa ndevu, na chini yake pakaandikwa kwamba mosi ni aina ya kuvu ya kijani inayoota penye unyevu. Nilifundisha biolojia katika shule za sekondari hapa Morogoro hadi nilipostaafu, nami nimezoea makosa ya wanafunzi, lakini hili lilinifanya niweke kikombe cha chai chini: katika aya moja na picha moja vimechanganywa viumbe vya makundi manne yasiyo na undugu wa karibu, na hakuna hata kimoja kati ya vilivyoonyeshwa ambacho ni mosi, yaani ule mmea mdogo wa kijani usio na maua unaofunika kuta, mawe na magome ya miti, ambao Waingereza huuita moss.

Nianze na mwani, kwa kuwa ndio uliokuwa mada ya makala. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na katika fukwe za Pemba tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza mwaka 1989, na ambao wakulima wake wengi ni wanawake, ni wa kundi la mwani mwekundu, hasa zile aina mbili zinazojulikana kwa wakulima kama spinosamu na kotonii. Uhusiano wake na mosi hauzidi ule alionao papa na paka. Jina "mosi ya bahari" limetokana na mwani mwingine kabisa, Chondrus crispus, unaoota kwenye miamba ya Ireland na pwani nyingine za Atlantiki ya Kaskazini, ambao watu wa huko waliuita mosi kwa sababu ya namna unavyofunika mawe. Wauzaji wa mitandaoni wamelichukua jina hilo na kulibandika kwenye mwani wetu kwa kuwa linavutia wateja. Mfanyabiashara ana haki ya kutafuta jina linalouza, ila gazeti halilazimiki kumfuata.

Nyuzi za kijivu zilizoonekana pichani nazo ni kitu kingine. Hiyo ni Usnea, ambayo kila aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame ameiona ikining'inia kwenye miti kama ndevu za babu, na ambayo nimewahi kuwasikia waongoza watalii wakiwaambia wageni kuwa ni mosi. Usnea ni maisha ya ubia: kuvu imejenga nyumba, na ndani ya nyumba hiyo mwani mdogo usioonekana kwa macho hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kisha wawili hao wakaishi kama kiumbe kimoja. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno linaloueleza ubia huo kwa ufasaha usiopatikana katika lugha nyingi, yaani kuvumwani. Lakini kamusi tulizozitegemea shuleni zimelitumia neno hilo kama tafsiri ya mosi, ambayo haina kuvu wala mwani ndani ya maana yake. Kwa maoni yangu neno kuvumwani lirudishwe kwa mwenyewe, na mmea huu mdogo uitwe mosi.

Kuhusu kuvu sitasema mengi. Kuvu haina rangi ya kijani ya kutengenezea chakula. Huishi kwa kula vilivyokufa au vilivyo hai. Mosi ni mmea kamili unaojitafutia riziki kwa jua, sawa na mwembe au mhindi. Kosa hili hata hivyo ni la sote, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku chochote cha kijani kinachoteleza hukiita koga: ngazi za kisima zimeota koga, ukuta wa choo una koga, angalia usianguke. Neno hilo linafaa kwa kumwonya mtoto. Halifai kwa kumweleza msomaji.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba mosi tayari ina kazi nyingine katika lugha, kwamba tuna Jumamosi, kwamba mosi ni mwanzo wa kuhesabu, na pengine mkazi wa Moshi atadhani anataniwa. Sioni tatizo. Paa la nyumba na paa wa porini wameishi katika lugha hii miaka yote bila kugombana, na hakuna mtu aliyewahi kwenda kuwinda juu ya nyumba. Kinachokosekana zaidi ni jina la jumla la kundi zima, ambalo wataalamu huliita briofaiti, pamoja na majina ya makundi yake mengine mawili, hepatiki na anthoseroti. Wanafunzi wangu waliyaita haya ya mwisho vipembe, kwa sababu ambayo nitaieleza, na hepatiki za kando ya mfereji wakaziita maini ya mto. Majina hayo ya watoto nayapenda kuliko yangu.

Kinachoziunganisha briofaiti ni namna zinavyoishi. Hazina mizizi ya kweli, bali vijinyuzi vya kujishikizia. Hazina mishipa migumu ya kupandishia maji kama ile ya miti, na kwa hiyo hunywa kwa mwili mzima kila mvua au ukungu unapozifikia. Hazina maua wala mbegu, bali husambaa kwa spora, chembe ndogo mno za uzazi zinazopeperushwa na upepo. Tena mbegu zao za kiume huogelea, kiasi kwamba bila tone la maji hakuna uzazi wa kijinsia. Lakini lililo la msingi kuliko yote, ambalo wanafunzi hulikariri bila kulishangaa, ni kwamba mmea wa kijani tunaouona ni ule unaobeba mayai na mbegu za kiume, wenye seti moja tu ya kromosomu, yaani vibeba urithi, katika kila seli, huku kizazi cha pili chenye seti mbili, kile kinachotoa spora, kikiishi juu ya mgongo wa mama yake na kulishwa naye hadi kifo. Katika mwembe mambo yako kinyume: mti wote ni kizazi cha spora, na kile kingine kimejificha ndani ya ua.

Sasa nije kwenye tofauti za makundi hayo matatu, maana hapa ndipo vitabu vyetu vinapowaangusha watoto. Mosi ni kundi kubwa kuliko yote, lenye spishi zinazokaribia 13,000 duniani. Kishina chake huzungukwa pande zote na vijani, yaani majani madogo, na mara nyingi kila kijani kina mshipa mmoja katikati. Ukiichunguza kwa lenzi ya mkono baada ya mvua utaona vikonyo vyembamba vyenye vifuko kichwani mfano wa mitungi midogo. Kila mtungi una kifuniko, na kifuniko kinapodondoka huonekana duara la meno madogo yanayofunguka na kufunga kadiri hewa inavyobadilika kutoka unyevu kwenda ukavu, yakipunguza na kuongeza spora zinazotoka. Nimewaonyesha wanafunzi meno hayo kwa darubini ya shule kwa miaka mingi, na bado sijamwona mtoto aliyeyatazama akabaki kimya.

Hepatiki zina spishi zipatazo 7,000. Kitabu cha shule huonyesha moja tu, Marchantia, ambayo ni bapa, nene, imelala chini mithili ya kipande cha ini, na ina vikombe vidogo vyenye vipande vya kijani ambavyo matone ya mvua huvirusha na kila kimoja kikawa mmea mpya. Ni mmea mzuri wa kufundishia, sikatai. Ila mtoto aliyeiona hiyo peke yake, akipanda mlima, hatatambua hata hepatiki moja kati ya kumi atakazozipita, kwa sababu sehemu kubwa ya hepatiki za misitu yetu zina vishina na vijani na zinafanana na mosi kwa mbali. Za namna hiyo hupanga vijani vyao katika safu mbili za ubavuni, mara nyingi na safu ya tatu ya vijani vidogo tumboni; vijani hivyo havina mshipa wa kati, na aghalabu vimegawanyika au vimekunjwa. Frullania, yenye rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu kwenye maganda ya miti, imekunja sehemu ya kila kijani ikawa kama kofia ndogo inayohifadhi maji, na ndani ya kofia hizo huishi wanyama wadogo wasioonekana kwa macho. Kifuko cha spora cha hepatiki hakina meno. Hukaa tayari chini, kisha kikonyo laini, kinachopenya mwanga, hurefuka kwa haraka, kifuko kikapasuka vipande vinne, spora zikarushwa na nyuzi zilizosokotwa kama springi, na baada ya siku chache kila kitu kikanyauka. Ndiyo maana wengi hawajawahi kukiona.

Vipembe ni kundi dogo, spishi 200 na ushei tu duniani kote, nami nawapenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi mnyamavu wa nyuma. Mmea wenyewe ni bapa na wa kijani kibichi, umelala kwenye udongo wenye unyevu wa kingo za barabara na mashamba, na watu huukanyaga bila habari. Baada ya mvua ya masika huota vipembe vyembamba vilivyosimama wima, ambavyo havina kikonyo wala kifuniko. Kila kipembe hukua kutokea chini siku zote huku juu kikipasuka pande mbili na kumwaga spora, hivyo kwamba ncha imezeeka na shina lake bado ni kitoto. Katika aina nyingi kila seli ina kloroplasti (kile kijiwanda cha kijani cha kutengenezea chakula) moja kubwa, jambo ambalo ni la kawaida kwa mwani na ni nadra sana kwa mimea ya nchi kavu. Vitundu vilivyo ndani ya mmea hukaliwa na bakteria wa jenasi ya Nostoc, wenye rangi ya kijani inayoelekea buluu, ambao huubadilisha nitrojeni ya hewani kuwa mbolea. Mkulima anayelipia mfuko wa yurea asingekosa la kujifunza hapo.

Nimesema vitabu vinawaangusha watoto, lakini katika suala la uainishaji lazima niwe mkweli, kwa kuwa historia imenicheka mwenyewe. Linnaeus, alipochapisha kazi yake kubwa ya mimea mwaka 1753, aliiweka mimea yote isiyo na maua katika kundi moja la mwisho, mosi pamoja na mwani, kuvu na kangaga. Aliyezitenga na kuzisoma kwa makini alikuwa daktari wa tiba aliyeitwa Johann Hedwig, mzaliwa wa Transilvania aliyefanya kazi Leipzig. Kitabu chake kuhusu spishi za mosi kilitoka mwaka 1801 baada ya yeye kufariki, na hadi leo majina ya kisayansi ya karibu mosi zote huhesabiwa kuanzia kitabu hicho, ambapo yale ya hepatiki huhesabiwa kuanzia 1753. Sisi tulifundishwa, na tukafundisha, kwamba briofaiti ni divisheni moja, yaani kundi moja kuu la uainishaji, yenye ngeli, yaani makundi madogo, ndani yake. Baadaye wataalamu wakaona kwamba mosi, hepatiki na anthoseroti zimetofautiana mno, wakazifanya divisheni tatu, na wengi wakasema hata hazitoki katika ukoo mmoja, bali ni matawi matatu yaliyochipuka kwa nyakati tofauti kuelekea mimea yenye mishipa. Mimi mwenyewe, niliposoma hayo, niliwafokea walimu vijana walioendelea kusema "divisheni ya Bryophyta". Kisha zikaja tafiti za jeni, na uchambuzi mkubwa wa mimea zaidi ya spishi 1,000 uliotoka mwaka 2019 ukaunga mkono kwamba makundi hayo matatu kweli ni ukoo mmoja, mosi na hepatiki wakiwa ndugu wa karibu zaidi na anthoseroti akiwa wa pembeni. Divisheni zimebaki tatu, ila familia ni moja. Kwa wale walimu vijana niliowafokea, huu ndio msamaha wangu wa hadharani.

Mwandishi wenu alisema pia kwamba mosi "huota popote penye unyevu". Lingekuwa hivyo, pwani yetu yenye joto na unyevunyevu ingekuwa na mosi kuliko milima. Kinyume chake, ukitoka Bagamoyo kwenda bara unaona mosi chache mno, na sababu yake inafahamika: usiku wa joto mmea hupumua kwa kasi na kula akiba ya chakula uliyotengeneza mchana, na katika kivuli cha msitu wa pwani mchana hautoshi kufidia usiku. Milimani usiku ni wa baridi, ukungu unaleta maji karibu kila siku, na hesabu ya mmea inabaki na ziada. Kwa hiyo, wakati miti mingi mikubwa hupungua aina zake kadiri unavyopanda, briofaiti huongezeka hadi kwenye misitu ya ukungu, na hapo ndipo zinapotawala.

Safari hiyo mtu anaweza kuifanya kwa siku moja kutoka stendi ya Morogoro. Mjini, kwenye nyufa za saruji, kuna Bryum argenteum, kimosi kidogo kinachong'aa kama fedha, ambacho kinapatikana karibu dunia nzima, mijini na hata Antaktika. Mashambani, mvua zikianza, udongo ulio wazi huota Riccia, hepatiki za bapa zenye umbo la nyota au ua, ambazo kiangazi hujikunja na kungoja. Penye mkaa na majivu ya shamba lililochomwa huja Funaria, yenye vikonyo vya rangi ya machungwa vinavyojisokota. Ukipita Morningside, kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, na kuingia msituni, vijani vya hepatiki huanza kuota si kwenye magome tu bali juu ya majani ya mimea mingine yaliyo hai, spishi kadhaa kwenye jani moja; misitu ya Amani katika Usambara Mashariki ina utajiri mkubwa wa hizi za kuishi juu ya majani. Juu zaidi, karibu na kilele cha Bondwa, miti imekuwa mifupi na iliyopinda, na huoni tena ganda la mti, kwani kila tawi limevishwa koti nene la Plagiochila, Bazzania na mosi zinazoning'inia. Ukilikamua koti hilo kwa mkono, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko.

Kila mlima una watu wake. Juu ya mstari wa miti katika Mlima Kenya kuna mosi za jenasi ya Grimmia ambazo hazikushika jiwe wala udongo: ni mipira midogo ya kijani inayobingirishwa na sindano za barafu zinazoota ardhini kila usiku na kuyeyuka kila asubuhi, na kwa kuwa inageuzwa geuzwa, inakua pande zote. Ruwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, kuna mabwawa ya mosi ya Sphagnum yaliyorundika mboji kwa karne nyingi. Nayo milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina undugu na Madagaska ambao ramani ya barabara haikuonyeshi. Familia ya mosi iitwayo Rutenbergiaceae haipatikani popote duniani isipokuwa Madagaska, visiwa vya jirani zake na Afrika Mashariki. Jina lake linamkumbuka Mjerumani Christian Rutenberg, aliyeuawa Madagaska mwaka 1878, na spishi yake mojawapo ya huku bara inaitwa Neorutenbergia usagarae. Usagara hiyo ni milima yetu ya upande wa Kilosa. Wapo wanafunzi wa Kilosa wanaoweza kutaja mito ya Ulaya kwa mpangilio na hawajaambiwa kwamba jina la kwao limo katika orodha za mimea ya dunia.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kunung'unika barazani. Mtaalamu wa briofaiti kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyewahi kufundisha hapa Morogoro, alipima uzito wa mimea yote inayoota juu ya miti katika misitu miwili ya Uluguru na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980. Katika msitu wa miti mifupi ulio juu ya mita 2,000, alipata karibu tani 14 za mimea hiyo kwa hekta ikiwa imekaushwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa briofaiti. Mimea hiyo, alikadiria, inaweza kushika hadi lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Kwa lugha ya mtaani hayo ni maboza 5 ya lita 10,000 kila moja, yaliyoning'inizwa kwenye matawi ya hekta moja ya msitu. Au kwa lugha ya watu wa hali ya hewa, ni milimita 5 za mvua ambazo hazikushuka kwa kishindo kwenye mteremko.

Isieleweke kwamba mosi inatengeneza maji. Sehemu ya maji hayo hurudi angani kama mvuke, na hakuna bomba linalotoka kwenye kila tawi. Kazi yake ni kupokea, kukawiza na kudondosha polepole, na pia kukamata ukungu ambao usingekuwa mvua kwa namna nyingine yoyote. Mlima Uluguru ndio unaoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kutoka hapo mabomba yanaelekea Dar es Salaam. Mwaka 2022, wakazi wa jiji hilo walipopata maji kwa mgao kwa sababu kina cha mto kilikuwa kimeshuka mno, magazeti yaliandika kuhusu ukame, mashamba ya kandokando ya mto na visima. Yote yalistahili kuandikwa. Sikuona mahali popote, likiwemo gazeti lenu, palipotaja lile koti la kijani la juu ya mlima. Na siwalaumu sana waandishi, kwa maana kitu kinachoitwa koga hakiwezi kuingia katika habari ya maji isipokuwa kama uchafu wa tangi.

Kilimanjaro inatoa onyo lake pia. Utafiti wa Andreas Hemp, Mjerumani aliyeusoma uoto wa mlima huo kwa miaka mingi, umeonyesha kwamba moto umeurudisha chini mpaka wa juu wa msitu, na kwamba kupotea kwa msitu huo unaokamata ukungu kuna athari kubwa kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu ambako dunia nzima inakuzungumzia. Moto wa Oktoba 2020 sote tuliutazama kwenye televisheni. Barafu ina picha nzuri; mosi haina, na zikiwekwa picha huwekwa za Usnea.

Ombi langu kwenu ni dogo na lina sehemu mbili. Kwanza, mchapishe masahihisho ya maelezo ya picha ile, mkieleza kwamba inaonyesha kuvumwani, na kwamba zao la Paje ni mwani, jina ambalo wakulima wenyewe wanalitumia na halina upungufu wowote. Pili, kwa kuwa gazeti la Kiswahili ndilo linaloamua kwa vitendo ni maneno gani yanashika na yapi yanakufa, mwanze kuandika mosi, hepatiki na vipembe pale vinapostahili, na mwawaombe BAKITA na wenzao wa vyuo vikuu watoe uamuzi wao kuhusu majina hayo. Wakiyakataa yangu na kuleta bora zaidi nitayatumia kuanzia siku hiyo. Walimu wa biolojia nao wangesaidia kwa kuacha kuchora Marchantia ubaoni kana kwamba ndiyo hepatiki pekee iliyoumbwa, hali msitu uko saa mbili za kutembea kutoka darasani.

Ikiwa mpigapicha wenu atahitaji picha sahihi, hana haja ya kugharimiwa safari ya Kilimanjaro. Ukuta wa nyuma ya tangi langu la maji una mosi za aina tatu, mfereji wa jirani una Marchantia, na kwenye ukingo wa barabara unaoshuka kuelekea mtoni vipembe husimama vizuri kuanzia katikati ya Aprili. Aje asubuhi, kabla jua halijakausha, na alete lenzi inayoweza kusogea karibu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Morogoro